Majina Tisa Baada ya Zakaria

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na nane. Hapana, nasema uongo. Ilikuwa kumi na tisa, maana Jackline, mpimaji wa maabara ya kifua kikuu, alikuwa ndiyo kwanza amerudi kazini kutoka likizo ya uzazi, na yule binti yake, mwezi kama huo mwaka wa kumi na nane, hata mimba yake ilikuwa haijatungwa. Basi tuandike kumi na tisa, mwezi wa tano. Baridi ya Mbeya ilikuwa imeanza kung'ata, na Faraji Halfani alikaa mbele ya kompyuta yake amevaa koti la marehemu baba yake, anakunywa chai ya tangawizi, hana habari.

Faraji ni mzaliwa wa Mbeya. Aliyetoka Kilwa ni babu yake, aliyekuja na mzigo wa kanga, akafungua kibanda Sokomatola, akaoa, akazeeka, akazikwa huko huko. Lakini mpaka leo majirani wakimtaja Faraji wanasema "yule Mswahili". Wakati huo alikuwa anakaribia miaka hamsini, mtu mfupi, mpole, anayesalimia hata mbwa wa watu. Kompyuta hakuisomea. Katika maabara ile aliingia kama mtunza stoo. Mtaalamu aliyekuwepo alipoondoka, aliacha kompyuta moja, programu zilizoandikwa kwa lugha iitwayo Perl, na kitabu kisicho na jalada. Wengine walikipita kitabu kile mezani kama tofali. Faraji akakichukua nyumbani. Alikisoma miaka miwili, mkewe Naima akimwambia kwamba hata msahafu hausomi hivyo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Vikopo vya makohozi vinaletwa kutoka vijijini, huku kwetu Mbeya na upande wa Iringa pia. Jackline anatazama kwa darubini, akitafuta vijidudu vya kifua kikuu. Majibu yanaingizwa kwenye kompyuta, na programu ya Faraji inayagawa mafungu mawili: wazima, na wa kurudi, yaani wale wanaotakiwa kurudi zahanati waanze dawa. Karatasi inatoka, inapelekwa kwa nesi wa kijiji. Faraji makohozi hakuyagusa kamwe, lakini hakuna jina lililofika kijijini bila kupita mkononi mwake.

Siku hiyo ya mwezi wa tano Jackline aliingia na kikombe chake, akaegemea mlango.

"Kaka Faraji, wale watu wangu wa Nyololo wanaendeleaje na dawa?"

"Watu gani?"

"Wale tisa wa mwezi wa tatu."

"Nyololo hakukuwa na mtu. Karatasi ilitoka imeandikwa 'Wa kurudi: hakuna'. Nesi wao alipiga simu kushukuru, akalia kabisa kwenye simu."

Jackline akacheka. "Acha hizo, mzee. Niliwaona kwa macho yangu haya. Tumbo lilikuwa hapa, linasukuma meza, sioni hata pa kuweka darubini. Tisa! Mmoja wao vilikuwa vimejaa kama mchele umemwagika."

Faraji hakucheka. "Jackline."

"Nini?"

"Hebu lete daftari."

Daftari likaja. Wale tisa walikuwemo, kila mmoja amewekewa alama ya kalamu nyekundu. Faraji akafungua nakala ya karatasi iliyokwenda Nyololo. Waliopimwa kijiji kile walikuwa mia moja arobaini na tatu. Kwenye fungu la wazima akahesabu majina kwa kidole: mia moja arobaini na tatu. Akahesabu tena, akapata yale yale. Halafu akaona kitu ambacho mtoto wa darasa la tatu angekiona. Majina yalikuwa yamepangwa kwa herufi, yanaanza na Abeli, yanashuka vizuri mpaka yanafika kwa Zakaria. Baada ya Zakaria ilitakiwa karatasi iishe. Haikuishia hapo. Baada ya Zakaria alikuwepo Aroni, kisha mwingine, kisha mwingine, herufi zimeanza upya kutoka mwanzo. Majina tisa.

"Inna lillahi," Faraji akasema polepole, na chai ikapoa pale pale.

Sasa nieleze kosa lenyewe, nami nitalieleza kama mwenyewe alivyokuwa akilieleza, kwa maneno yasiyo ya shule. Ndani ya programu kuna vipande vidogo, kila kimoja na jina lake. Ukikiita, kinakwenda kufanya kazi yake kisha kinakurudishia jibu. Faraji alikuwa anakiita kipande kama hicho tarishi, kwa sababu alikumbuka matarishi wa ofisi za zamani, unamtuma na unamsubiri. Zamani programu ile ilikuwa na matarishi wawili. Mmoja alileta safu ya wazima, mwingine alileta safu ya wa kurudi. Kompyuta ilikuwa kuukuu, na kila tarishi alisoma daftari zima upya, kazi ikachukua asubuhi nzima. Mwezi wa pili Faraji akaamua kuwaunganisha. Tarishi mmoja, asome mara moja, arudi na safu mbili.

Alikuwa na sababu ya kujiamini. Tayari alikuwa na tarishi mwingine aliyekuwa analeta kile kinachoitwa heshi, yaani majina yaliyofungwa na vijiji vyao, jina na kijiji, jina na kijiji, na heshi ile ilifika salama kila siku. Asilolijua ni kwamba ilifika salama kwa sababu ilikuja peke yake. Tarishi wa Perl akirudi hana mifuko miwili. Vitu vyote anavimwaga kwenye ungo mmoja, kimoja nyuma ya kingine, na ukuta kati yao unapotea. Ukimwekea vyombo viwili mlangoni, safu mbili tupu, chombo cha kwanza kinapokea ungo wote mpaka punje ya mwisho. Cha pili hakipati kitu. Wala Perl hainung'uniki. Haisemi umekosea, haitoi hata onyo. Inakuambia tu kwamba chombo cha pili ni kitupu, na ni kweli, ni kitupu.

Dawa yake ni alama moja, kimstari kilicholalia nyuma, unakiweka mbele ya kila safu wakati wa kuirudisha. Hapo tarishi haleti tena nafaka yenyewe, anakuletea kamba mbili, na kila kamba imefungwa kwenye gunia lake. Kitabu kisicho na jalada kilisema hayo yote. Ukurasa ule Faraji alikuwa ameuruka, kwa sababu ulikuwa umemwagikiwa chai.

Na alikuwa ameijaribu programu mpya kabla ya kuitumia, hilo lazima lisemwe. Aliijaribu kwa majina matano ya kutunga. Wote watano aliwafanya wazima, kwa kuwa mkono wake ulikataa kumwandikia mtu ugonjwa hata kwa mchezo.

Nyololo ndio walikuwa wa kwanza kupita kwa tarishi huyo mpya. Kisha mvua zikakata barabara, vikopo vikaacha kuja, na hakuna kijiji kingine kilichopita. Clement, mkuu wa maabara, aliposikia, hilo ndilo lililompa pumzi.

"Kijiji kimoja tu? Una hakika?"

"Kimoja, bosi."

Clement akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Basi, mzee wangu, tusipandishane presha. Tunamwandikia nesi, watu hawa tisa waje kurudia kipimo. Tutasema vikopo viliharibika njiani."

"Hawatakuja."

"Kwa nini wasije?"

"Bosi, mtu kaambiwa mzima. Umrudishe kwa habari ya kikopo? Atakwambia nina mahindi shambani."

"Sasa unataka nini wewe?"

"Nataka kwenda. Niwaambie mimi ndiye niliyekosea."

Clement akachukua simu akampigia mratibu wa kifua kikuu wa wilaya, akamweleza yote bila kuficha. Alipomaliza akasema, "Nenda. Ila wakikupiga, usiseme nimekutuma mimi."

Jackline alimwandikia majina tisa kwenye karatasi, kwa kalamu nyekundu ile ile.

Kutoka Mbeya hadi Nyololo ni barabara kuu, unapita Chimala, unapita Makambako, unashuka. Kijiji chenyewe kiko ndani, bodaboda inapanda na kushuka kati ya misonobari na mianzi. Nesi Yudith, mwanamke mnene mwenye sweta la kijani, alimpokea Faraji kwa kicheko na mikono miwili.

"Kamwene! Ndiye wewe wa ile karatasi? Karibu, baba. Ungesema unakuja tungekuchinjia."

"Nesi, usinichinjie. Kaa kwanza."

Akamweleza. Yudith alisikiliza, kicheko kikimtoka usoni kidogo kidogo, mpaka akabaki ameshika magoti yake.

"Niliona," akasema.

"Uliona nini?"

"Niliona majina yanaanza upya. Nilikuwa nasoma kwa sauti, nikafika Zakaria, nikataka kukunja karatasi, nikaona kumbe bado. Nikadhani ni waliochelewa. Sisi hapa kwenye mikutano, aliyechelewa tunamwandika chini kabisa, hata kama ni mwenyekiti. Nikajua na ninyi huko mnafanya hivyo."

"Uliwasomea wapi?"

"Mbele ya watu wote, baba. Mimi mwenyewe niliomba mkutano."

Ndipo Faraji akajua ukubwa wa jambo. Upande ule, mvua zikianza, mianzi inagemwa ulanzi, pombe yake, na ulanzi haunywewi peke yako. Mnakaa chumba kimoja, mlango umefungwa kwa ajili ya baridi, kikombe kinazunguka mkono kwa mkono. Kabla ya vipimo watu wa kijiji walikuwa wameanza kuwaogopa wenye kukohoa. Mzee mmoja mpasua mbao, Sedekia, alitengewa kikombe chake cha bati, kikatundikwa msumarini karibu na mlango, naye akawa anakaa huko huko mlangoni. Yudith aliwaambia mara nyingi kwamba ugonjwa huo hauko kwenye kikombe, uko kwenye pumzi, kwenye chumba kilichofungwa. Hawakumwelewa. Kwa hiyo karatasi ilipofika imeandikwa hakuna, aliona ni nafasi ya kumaliza maneno. Akaita mkutano, akasoma wazima wote mia moja arobaini na tatu. Wanawake wakapiga vigelegele. Vijana wakambeba Sedekia juu juu wakimwimbia mpaka kilabuni, wakamkalisha katikati.

Mratibu wa wilaya alifika kesho yake na dawa. Wakaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, mratibu, Yudith na Faraji, kimya kimya, kila mgonjwa kwake. Mmoja alimtukana Faraji mama yake. Mama mmoja alimwambia ahsante, na hiyo ikamuuma zaidi. Lakini kwa Sedekia ndiko alikokaa muda mrefu.

Mzee alikuwa amekaa juani, amempakata mjukuu wake wa kike, mtoto wa kama miaka miwili, kamlaza kifuani ndani ya koti. Alikuwa amekonda. Alisikiliza maneno yote bila kukatisha, anakohoa tu, kila akikohoa anageuza uso pembeni, mazoea ya wakati ule wa kikombe chake.

"Kwa hiyo," akasema, "siku ile naimbiwa, nilikuwa mgonjwa."

"Ulikuwa mgonjwa, mzee wangu."

"Na wewe ndiye uliyenipeleka kwa wazima."

"Ni mimi."

"Kwa makusudi?"

"Hapana. Wallahi si kwa makusudi. Nilitaka kazi iende haraka."

Sedekia akamtazama mtoto. "Miezi mitano nililala jikoni peke yangu, kwa ajili ya huyu. Mama yake alikuwa anamsimamisha pale kwenye mgomba, ananipungia mkono. Wewe ukanipa karatasi. Nikamchukua. Tunalala naye. Unajua alinizoea kwa siku ngapi? Moja."

Yudith akanyoosha mikono amchukue mtoto, mtoto akalia, akang'ang'ania ukosi wa koti. Ilibidi mzee mwenyewe ambandue vidole, kimoja kimoja.

Mtoto alipimwa, hakuonekana na ugonjwa, akaanzishiwa vidonge vya kumkinga. Sedekia akaanza vya miezi sita. Jioni ile aliingia kilabuni mwenyewe, akachukua kikombe chake cha bati kilichokuwa bado msumarini, akatoka nacho bila kuaga mtu.

Katika siku nne walipatikana wanane. Wa tisa alikuwa Aroni, yule wa kwanza baada ya Zakaria, ndiye yule ambaye Jackline alisema vijidudu vilimjaa kama mchele umemwagika. Kijana wa miaka ishirini na mbili, hana baba wala mama, alikuwa anaishi kwa kuvuna mahindi ya watu na kubeba magogo. Chumba alichopanga kilikuwa na mtu mwingine.

Faraji akaenda kumuulizia kilabuni. Alipoinama kupita mlangoni, chumba kizima kikapiga kelele.

"Jamani, Mswahili kaja kunywa ulanzi! Leo dunia inaisha!"

"Mpeni kikombe, atasilimu upya!"

"Muacheni mtu na dini yake. Unatafuta nini, baba?"

"Namtafuta Aroni."

"Aroni yupi? Mcheza ngoma?"

"Huyo huyo, mwembamba," akasema mzee aliyekuwa anapima ulanzi. "Aliondoka wiki ile ile ya mkutano. Alikuwa anaogopa kwenda kuomba kibarua mbali, watu wakimsikia anakohoa wanamfukuza. Aliposomwa mzima alimwomba nesi amwandikie kikaratasi. Kakikunja, kakiweka kwenye kofia. Akatuaga hapa, amefurahi sana. Akasema sasa naweza kulala bweni moja na watu."

Faraji akamgeukia Yudith aliyekuwa amesimama nje. Yudith akatazama chini. "Nilimwandikia," akasema. "Na muhuri nikagonga."

Wengine walisema amekwenda Mgololo. Faraji akaenda Mgololo. Pale wanapokaa vibarua wa kupakia magogo walimkumbuka kwa nyimbo zake. Alikaa nao majuma matatu, chumba kimoja watu sita, kisha akasikia habari ya mavuno ya mpunga akaondoka. Ikabidi mratibu aletewe na majina ya wenzake watano. Mavuno wapi? Idodi, wakasema. Faraji akampigia Naima simu kwamba bado anachelewa, Naima akamuuliza koti analo, akasema analo. Akapita Iringa mjini, akachukua gari la kwenda Idodi, nchi ya joto, koti akalibeba begani. Huko alizunguka majaruba siku mbili na karatasi ya Jackline mkononi, imebaki na jina moja tu lisilokatwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapepeta alimwambia alimwona kijana wa namna hiyo, anakohoa, ana kikaratasi kwenye kofia anachomwonyesha kila mtu. Lini? Kama juzi, kama wiki iliyopita. Alielekea wapi? Mwanamke akanyanyua ungo kuonyesha njia, na njia ile ilikuwa inagawanyika mara tatu kabla ya kufika popote.

Faraji akarudi Mbeya. Akaweka vile vimstari viwili vilivyolalia nyuma, kazi ya kufumba na kufumbua. Chini yake akaongeza kipande kingine: programu ihesabu waliopimwa, ihesabu kila fungu peke yake kwa alama za daftari la Jackline, na pasipolingana isitoe karatasi yoyote mpaka mtu aje kutazama. Akaijaribu kwa majina ya kutunga, na mara hii akawafanya wengine wagonjwa. Naima anasema usiku ule hakula.

Miaka imekwenda. Sedekia alimaliza dawa, yupo, mjukuu wake anakwenda shule. Mratibu wa wilaya aliandikia wilaya nyingine, hakuna zahanati iliyojibu kwamba imempata mtu. Faraji mwenyewe kila likizo anapanda gari: mwaka huu Idodi, mwaka mwingine mashamba ya viazi huku kwetu, mara Makambako stendi, anawauliza wapagazi na mama ntilie. Katika Perl, mstari unaoanza na alama ya reli, yaani #, mashine inauruka, haiujali kabisa. Umewekwa kwa ajili ya binadamu atakayefungua programu. Juu kabisa ya ile programu, kabla ya kitu chochote, Faraji ameandika mstari wa namna hiyo. Vijana wapya wa maabara wanaufungua, wanausoma, wanaendelea na kazi zao. Ni swali lile lile analowauliza watu wa stendi, na mpaka ninapoandika haya hakuna aliyemjibu:

Aroni wa Nyololo, mwenye kikaratasi kwenye kofia, yuko wapi?